Nyundo ya Paredi

Nyundo ilikuwa na mpini uliopakwa rangi mbili za shule, kijani na nyeupe, na kila Ijumaa iliwekwa juu ya dawati mbele ya paredi, iwe ina kazi au haina. Wangeci, makamu mwenyekiti wa bodi, ndiye aliyeitoa katika duka lake la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Alikuwa amesikia kwamba shule nyingine zinafanya hivyo na matokeo yao yamepanda. Sheria aliyoipendekeza haikuhitaji maelezo marefu. Mwanafunzi akipatikana na simu, mzazi anaitwa. Mzazi anaivunja simu hiyo kwa mkono wake mwenyewe mbele ya shule nzima. Mwanafunzi anapiga magoti kando na hasemi neno. Katika mkutano wa wazazi wa muhula wa kwanza, waliokubali waliombwa wainue mikono. Kiptum, mkulima wa viazi kutoka Keringet, alikuwa ameketi safu ya mbele. Aliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

Sasa ulikuwa muhula wa tatu, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, na aliyepiga magoti kando ya dawati alikuwa binti yake, Cheruto.

Kiptum alikuwa amesafiri tangu kabla ya mapambazuko, kutoka Keringet hadi Molo, Molo hadi Nakuru, Nakuru hadi shuleni, kupita Bahati. Njia nzima alikuwa akikusanya maneno ya kumwambia. Shule ilikuwa imempigia simu na kumweleza jambo moja tu, kwamba binti yake amepatikana na simu na afike Ijumaa. Hakuuliza zaidi. Aliona aibu kuuliza.

Alipolifikia dawati, aliitambua simu. Ilikuwa kabambe, simu ndogo ya vibonye, kifuniko chake cha nyuma kikiwa kimefungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Ukanda huo aliukata yeye. Ilikuwa simu yake ya zamani, iliyopotea nyumbani likizo ya Agosti. Aliitafuta hadi chini ya magunia ya mbegu, na mwishowe akamlaumu Weldon, kijana wake mkubwa, kwamba ameiuza. Weldon aliapa na hakuaminiwa. Kwa hiyo hasira aliyotoka nayo Keringet ilikuwa ya kosa moja, na pale mbele ya wasichana wote wa shule ikawa ya makosa mawili.

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Naftaly, alimpa mkono na kumkaribisha vizuri. Aliwaambia wanafunzi kwamba mzazi huyu ni rafiki wa shule, kwamba aliipigia kura sheria hii, na kwamba mzazi wa aina hii ndiye anayejenga taifa. Kisha akamkabidhi nyundo, mpini ukiwa mbele, kama mtu anavyompa mwenzake kisu mezani.

Cheruto aliinua kichwa.

"Baba, kabla hujapiga, tafadhali—"

"Anayepiga magoti haongei," Naftaly akasema, bila kupandisha sauti.

Kiptum alimgeukia binti yake na kumwambia kwa Kikalenjini, lugha ya nyumbani, afunge mdomo. Alisema kwa nguvu kiasi kwamba hata wasiojua lugha hiyo walielewa.

Pigo la kwanza liliteleza. La pili lilipasua kioo. Akaendelea kupiga hata baada ya simu kuacha kuwa simu, hadi betri ikaruka na kuanguka kwenye nyasi, na Naftaly akamshika bega kwa upole. Laini ilikuwa imechomoka ikiwa nzima. Naftaly aliikanyaga kwa kisigino na kuzungusha mguu. Halafu akawaomba wanafunzi wampe mzee makofi ya kilo, yale ya mdundo mmoja, nao wakayapiga, kwa sababu asiyepiga makofi alionekana.

Ofisini, mwalimu mkuu alimshukuru na kumpa barua. Cheruto anakwenda nyumbani hadi Jumatano, bodi itakapokutana, na pendekezo la shule ni kwamba aondolewe bwenini moja kwa moja. Mtihani ataufanya, kwa kuwa amesajiliwa na hakuna wa kumzuia, ila atakuwa akitokea nyumbani.

"Nyumbani ni Keringet, mwalimu," Kiptum akasema. "Akitokea Keringet, atafika hapa wenzake wakiwa wamemaliza karatasi."

Mwalimu mkuu alisema analielewa hilo, na kwamba labda kuna jamaa karibu na Bahati. Hakukuwa na jamaa karibu na Bahati.

"Mimi nilidhani nyundo ndiyo adhabu."

"Nyundo ni ya simu, mzee. Bodi ni ya mwanafunzi."

Kwa hiyo alitoka ofisini akijua kilichokuwa hatarini. Cheruto alikuwa wa tatu katika darasa lake. Alitaka kusomea uuguzi, na walimu wa sayansi walikuwa wamemwambia anaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Mtihani ulifanywa kwa wiki kadhaa, karatasi asubuhi na karatasi mchana, na msichana asiye na mahali pa kulala karibu na shule hangeufanya, hata kama jina lake lingekuwa kwenye orodha. Kiptum alifika nje ya lango, ambako Cheruto alikuwa akisubiri kando ya sanduku lake la chuma na godoro lililokunjwa, na hapo akayatoa maneno yote aliyoyakusanya tangu Molo. Alimwita mwizi. Alimwita mtu asiye na shukrani. Alimwambia kwamba nduguye ametukanwa kwa ajili yake. Cheruto alisubiri. Hakulia, na Kiptum alilichukua hilo pia kuwa kiburi.

"Baba, umemaliza?"

Kiptum aliinamia kamba ya godoro.

"Basi sasa nisikize mimi."

Alichokieleza kilikuwa hivi. Simu aliichukua nyumbani Agosti, ni kweli. Wanafunzi waliruhusiwa kupiga simu nyumbani Jumapili tu, kwa simu moja iliyokuwa kwa metroni, mlezi wa bweni, na kengele ililia foleni ikiwa bado ndefu. Muhula wa pili, bibi yake alipokuwa amelazwa, Cheruto alipanga foleni hiyo Jumapili baada ya Jumapili na hakuifikia simu hata mara moja. Alijua kuichukua ile kabambe ni kosa. Aliificha ndani ya pakiti ya sodo za hedhi na kuongea na bibi yake akiwa bafuni.

Jumamosi iliyopita, wakati wa michezo, Kui alianza kuumwa tumbo. Kui ni bintiye Wangeci wa bodi, na kitanda chake kiko juu ya kitanda cha Cheruto. Metroni alimpa dawa ya maumivu na kumwambia watoto wa Milimani, mtaa wa matajiri, wakiona mtihani hukumbuka mama zao. Jioni Kui alikuwa akitapika na hawezi kunyoosha mguu wa kulia. Wasichana walirudi kwa metroni na kumwomba ampigie mamake. Metroni alisema simu ni ya Jumapili na akafunga mlango. Hapo Cheruto akaitoa kabambe. Kui alimtajia namba ya mamake huku ameuma shuka. Wangeci alifika kwa gari lake na kumbeba mtoto hadi hospitali mjini, na madaktari wakamfanyia upasuaji wa kidole tumbo usiku ule ule. Walisema angesubiri hadi asubuhi kingepasuka.

Jumapili, kanisani, mwalimu mkuu alitangaza kwamba metroni aliliona tatizo mapema na kumpigia mzazi kwa simu ya shule. Metroni alisimama akapungiwa mikono. Jumatatu bweni likapekuliwa.

"Walijua kuna simu," Cheruto akasema. "Lazima wangejua. Metroni anajua hakupiga yeye, kwa hiyo kuna mwingine aliyepiga."

Kiptum aliliangalia sanduku la chuma.

"Ile simu ndiyo ilikuwa inaonyesha, Baba. Namba ya mamake Kui na saa niliyopiga. Nilitaka uiwashe kwanza. Uiwashe tu waone, halafu uivunje ukitaka."

Hakuna aliyekaa chini akapanga njama ya kuuharibu ushahidi. Haikuhitajika. Kulikuwa na sheria iliyofanya kazi hiyo yenyewe, mwanafunzi akiwa amezibwa mdomo na mzazi akiwa ameshika nyundo, na mzazi mwenyewe alikuwa ameinua mkono kuipitisha.

Kiptum alirudi ndani. Naftaly alikuwa mlangoni pa ofisi yake, chini ya karatasi iliyobandikwa muda mrefu: UKITAKA KITU CHAKO NJOO NA MZAZI WAKO. Kiptum alimwambia yote aliyoambiwa, kwa mpangilio, bila kutukana. Naftaly alisikiliza hadi mwisho. Alisema wasichana wa umri ule wanajua kutunga, na kwamba hata kama ni kweli, kumiliki simu bado ni kosa.

"Nataka tumwite metroni hapa aseme."

"Mzee, hayo utayasema kwa bodi."

"Na ushahidi umekanyagwa na kiatu chako."

"Nyundo ulikuwa umeshika wewe," Naftaly akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Kiptum alitoka nje. Alimuuliza soja wa lango njia ya kwenda Milimani.

Nyumba ya Wangeci ilikuwa nyuma ya ua mrefu wa miti, yenye veranda na viti vya mianzi. Kui alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi hadi kiunoni. Alipomwona Cheruto akiingia na baba yake alijaribu kuinuka, akashika tumbo, akacheka kwa maumivu.

"Che, waliku-expel?"

"Bado hawajanifukuza. Ni Jumatano."

"Mum, si uliniambia umeongea na wao?"

Wangeci aliwaambia wasichana wakae pamoja na akamchukua Kiptum hadi veranda. Msichana wa kazi alileta chai na mkate. Wangeci hakuwa mtu mbaya, na hakujaribu kudanganya. Alikiri kwamba alipigiwa kwa namba asiyoijua, na kwamba aliyeongea alikuwa mtoto, si metroni. Alisema hatasahau sauti hiyo. Alimshukuru Kiptum kwa kumlea binti wa aina hiyo, na macho yake yalilowa aliposema hivyo.

"Basi Jumatano utasema hivyo hivyo," Kiptum akasema.

Wangeci aliizungusha sahani ya kikombe chake. Alieleza kwamba jambo hili si rahisi. Sheria ya simu aliileta yeye. Mwaka mmoja kabla yake, picha za mwanafunzi akioga zilikuwa zimesambazwa hadi nje ya shule, na msichana huyo hakurudi tena. Tangu sheria ipite hakujatokea tena jambo kama hilo. Sasa makamu mwenyekiti akisimama na kusema simu ya magendo ndiyo iliyomwokoa mtoto wake, muhula ujao kila mzazi atamfichia wake simu kwenye sanduku na kusema ni ya dharura. Na watasema sheria ilikuwa ya watoto wa wengine.

"Si ndiyo ilivyo?"

"Baba Cheruto, mimi natafuta njia ambayo haitavunja kila kitu."

"Kila kitu kimeshavunjwa. Mimi ndiye nilivunja. Nilidhani ni simu ya kuongea na wavulana."

Mwishowe Wangeci alisema ataangalia vile ataliweka. Alilirudia neno hilo mlangoni, akiwa ameshika mkono wake: ataangalia vile ataliweka. Kiptum aliondoka akiamini kwamba ameahidiwa kitu. Barabarani alijaribu kukisema kitu hicho kwa maneno yake mwenyewe, na akaona hakipo.

Nyumbani Keringet hakuzungumza na binti yake zaidi ya ilivyolazimu, na binti yake hakuzungumza naye kabisa. Kiptum alimwomba Weldon msamaha kwa kumpa koti lake la mvua bila kusema kitu. Weldon alilipokea.

Jumatano asubuhi, walipofika Nakuru mapema kuliko walivyotarajia, Cheruto alisimama mbele ya duka la simu.

"Baba, ile laini ilisajiliwa kwa jina lako?"

"Ni yangu. Niliitumia tangu ukiwa mtoto, hadi nilipopata hii nyingine. Madalali wa zamani wa viazi bado wanaijua."

"Basi inaweza kurudishwa. Unatoa kitambulisho tu."

Kijana wa dukani alikichukua kitambulisho, akamuuliza maswali machache, akamtaka aweke kidole kwenye mashine. Alimpa laini mpya yenye namba ya zamani na kuisukuma kwenye tundu la pili la simu yake. Kiptum aliuliza kama zile simu zilizopigwa zamani zitarudi nazo. Kijana akacheka. "Hapana, mzee. Hizo zilienda na simu. Lakini namba ni ile ile." Cheruto alisimama kando akimwangalia baba yake, akisubiri aelewe mwenyewe. Alielewa wakiwa tayari wamepanda gari la kwenda Bahati.

Bodi ilikaa katika maktaba, meza zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Mbele ya kila mjumbe kulikuwa na chupa ya maji, faili, na simu. Nyingine zilikuwa kubwa kama kitabu kidogo. Wakati Kiptum na binti yake wakiingia, mjumbe mmoja alikuwa akimaliza kujibu ujumbe, na mwingine ya kwake ililia akatoka nje kuipokea, akarudi, akaomba radhi kwa kutikisa kichwa. Cheruto alionyeshwa mahali pa kusimama. Alisimama akizitazama zile simu moja baada ya nyingine, bila kuficha.

Mwenyekiti, Mzee Jamleck, aliyekuwa amestaafu kutoka ofisi ya elimu, alisali, akafungua kikao, na kumpa Naftaly nafasi. Naftaly alisoma shtaka vizuri, kwa haki. Alitaja kosa, alitaja tarehe, alitaja kwamba mzazi ameivunja simu kwa hiari yake. Kisha metroni aliitwa. Alisimama na mikono nyuma, akasema kwamba Jumamosi ile alimwona Kui hali yake si nzuri na akampigia mzazi kwa simu ya shule. Hakumwangalia Wangeci alipokuwa akisema. Wangeci alikuwa akiisoma faili yake, ukurasa ambao haukuwa na maandishi mengi.

Kiptum alipopewa nafasi hakutoa hotuba. Alisema ana swali moja kwa makamu mwenyekiti.

"Mama Kui. Jumamosi ile, nani alikupigia?"

Wangeci aliifunga faili.

"Ilikuwa namba ngeni," akasema. "Nilichanganyikiwa, mnaelewa, mzazi akiambiwa mtoto anakufa. Nilichukulia ni metroni. Sikuwa na wakati wa kuuliza."

Ijumaa, kwenye veranda, alikuwa amesema aliyeongea alikuwa mtoto. Kiptum alimtazama kwa muda aliohitaji ili awe na uhakika kwamba amesikia vizuri. Halafu akaingiza mkono mfukoni na kutoa simu yake.

"Mzee, simu haziruhusiwi humu," mwalimu mkuu akasema.

"Na hizo?"

Mjumbe aliyekuwa ametoka nje aliivuta ya kwake akaifunika kwa faili. Kiptum alimpa Cheruto simu, naye akaibonyeza namba ambayo Kui alimtajia akiwa ameuma shuka. Hakuwa ameiandika popote. Akachagua laini ya pili, akapiga, akairudisha kwa baba yake.

Simu ya Wangeci ilianza kutetemeka. Ilikuwa imelala chali, kati yake na Mzee Jamleck, na ilitambaa kidogo kwenye mbao ikielekea chupa ya maji. Wangeci alinyoosha mkono lakini mzee alikuwa ameshaiinamia. Alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti chochote kilichowekwa mbele yake. Ndivyo alivyoendesha mikutano maisha yake yote.

"Malaika wa Kui," akasoma.

Iliendelea kutetemeka. Kiptum hakukata.

"Mama Kui," Mzee Jamleck akasema, "hii namba uliiandika hivi lini?"

Wangeci aliivuta simu kwake. "Hospitalini," akasema. "Nikingojea atoke kwenye chumba cha upasuaji."

"Metroni wetu namba yake huna?"

"Ninayo."

"Imeandikwaje?"

"Metroni."

Kiptum akakata simu. Metroni, ambaye hakuwa ameambiwa aketi, aliketi.

Yaliyofuata yalichukua muda mfupi, kwa sababu kila mtu pale mezani alitaka yaishe. Mwalimu mkuu alipendekeza iandikwe kwamba mwanafunzi amesamehewa kutokana na mazingira maalum. Kiptum aliuliza asamehewe nini, kumpigia mama mtoto wake anapokufa? Naftaly alisema kumiliki simu. Kiptum alisema kwa hilo aliadhibiwa Ijumaa, mbele ya shule nzima, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na alipigiwa makofi. Mzee Jamleck aligonga meza kwa kidole na kumwambia katibu aandike kwamba Cheruto anarudi bwenini na darasani leo, na asiandike zaidi ya hapo.

"Na metroni?" Kiptum akauliza.

Walimwambia hilo ni suala la wafanyakazi, litashughulikiwa.

"Ijumaa atapiga magoti?"

Mwalimu mkuu alisema mzee ana haki ya kuwa na hasira, lakini asiende mbali.

"Na Jumapili mtawaambia nini kanisani?"

Mzee Jamleck alisema bodi imemsikia. Aligeuza ukurasa na kusema ajenda inayofuata ni bweni jipya. Wangeci alikuwa amebeba simu yake mikononi, kioo kikiwa kimeelekea kifuani. Kiptum alipopita nyuma ya kiti chake, Wangeci alisema kwa sauti ya chini, "Baba Cheruto, nilikuwa nitaliweka vizuri." Kiptum hakusimama.

Kwenye ukumbi wa nje, karibu na mlango wa Naftaly, vifaa vya paredi vilikuwa vimewekwa pamoja: bendera iliyokunjwa, kengele, nyundo yenye mpini wa kijani na nyeupe. Kiptum aliichukua nyundo.

Cheruto alikuwa akivuta sanduku lake, lililoachwa kwa soja tangu Ijumaa, kuelekea bwenini. Baba yake alilishika upande wa pili na wakalibeba pamoja hadi mlangoni, ambapo wanaume hawaruhusiwi kupita. Alitaka kumwambia kwamba ameshinda. Aliona usoni mwake kwamba si hivyo anavyoliona.

"Uende ukasome," akasema.

"Nitasoma."

"Hutafukuzwa tena. Wameandika."

Cheruto alilikalisha sanduku chini. "Ungeniuliza, Baba," akasema. "Pale paredi. Hata swali moja tu. Umemuuliza mamake Kui mbele ya bodi, mimi hukuniuliza."

Kiptum alihamisha nyundo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kulikuwa na majibu. Kwamba aliibiwa simu, kwamba ndiyo desturi yenyewe, kwamba hata yeye alinyamazishwa na aibu. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililojibu swali. Cheruto alisubiri kwa heshima, kama alivyosubiri siku ile nje ya lango, kisha akalivuta sanduku lake ndani na kengele ya darasa ikalia.

Langoni, soja alimfungulia mlango mdogo, akaona alichobeba, akaurudisha hadi nusu.

"Mzee, pole, lakini hiyo nyundo ni ya shule. Mwalimu Naftaly ataniuliza."

"Mwambie nimeichukua. Iko Keringet."

"Ataitaka, boss. Ijumaa wana paredi."

"Akiitaka," Kiptum akasema, akiinama kupita, "aje na mzazi wake."